Jina la Nunu Ukutani

Karama, Dubai
14 Septemba 2024

Mpendwa Mama Mkubwa,

Leo ni Jumamosi, nimefunga mlango wa chumba, na ninaahidi kukueleza kila kitu, pamoja na yale yatakayonifanya nionekane mbaya. Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na goti limepunguza kukusumbua. Sisi sote hatujambo. Baba anatoka alfajiri kwenda Jebel Ali kama kawaida, anakusalimu. Mama naye anakusalimu, ila hajui ninachokuandikia. Barua nampa jirani yetu anayesafiri Jumatatu, pamoja na mafuta ya goti na kitambaa cha buibui. Ulisema simu yako ina masikio mengi, kwamba ukifungua ujumbe wa sauti nyumba nzima ya Kikwajuni inasikiliza, na kwamba Kiswahili cha mtoto aliyezaliwa ugenini kinanyooka kwa kalamu tu. Basi nashika kalamu.

Nunu hajambo. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Tangu mwanao alipofika kwetu, jiko la Mama limebadilika. Zamani msaidizi wake nilikuwa mimi. Nilisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa ili niifikie meza, nikikunja sambusa za ofisi za Bur Dubai kabla sijajua kusoma. Sasa Mama anasema Nunu ana mkono wa marehemu bibi. Manda yake ya sambusa ukiinyanyua unaliona dirisha kupitia unga. Yangu, anasema Mama, ukiinyanyua unaona wasiwasi. Wote jikoni walicheka. Kasian, mpishi wetu kutoka Mahenge, alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Hayo ningeyavumilia. Lakini pale mlangoni, juu ya mizani, Mama ametundika leseni ya biashara ndani ya fremu, na leseni hiyo sasa ina majina mawili, lake na la Nunu. Nunu ameandikwa mshirika. Hata viza yake ni ya mshirika. Nilimuuliza Mama kwa nini si mimi. Akasema mimi bado mtoto kisheria, na kwamba Nunu ni mwanawe wa kwanza na mimi wa pili. Mama Mkubwa, nilizaliwa wa kwanza na wa pekee. Sikujua kwamba mtu anaweza kushushwa nafasi akiwa na miaka kumi na sita.

Sasa nikueleze la muhimu. Shuleni, katika somo la biashara, mwalimu alitupa kazi ya kueleza wajibu wa mwenye biashara ndogo kwa wafanyakazi wake. Nikachagua jiko letu. Wiki hiyohiyo akaja Bi Virginia, wakala wa bima, Mkenya mwenye ofisi yake Bur Dubai, kwa ajili ya kufanya upya bima ya jiko. Nikakaa naye nikamuuliza. Alinieleza kwamba bima ya afya ni jambo moja, na kila mkaazi wa hapa lazima awe nayo. Lakini mfanyakazi akiumia kazini sheria inamtaka mwajiri amtibu mpaka apone, aendelee kumlipa mshahara kwa muda uliowekwa, na amlipe fidia kwa kile ambacho hakitapona. Jiko dogo kama letu likipatwa na hayo linaweza kufungwa, ndiyo maana Mama hukata bima ya fidia, ili mzigo ubebwe na kampuni. Wanaobebwa ni wale walio katika orodha ya wafanyakazi. Kwetu ni Kasian na Rispah, dada Mkenya anayekaanga na kufunga bidhaa.

Bi Virginia akamtazama Nunu aliyekuwa akisukuma manda. "Na huyu?"

Mama akajibu kwa fahari, "Huyu ni mwanangu, na mshirika wangu."

"Basi madam, bima haimjui. Mshirika ni mwenye duka. Mwenye duka akiumia, amejiumia."

Nikasema hapohapo, basi Nunu atolewe kwenye leseni aandikwe mfanyakazi. Mama hakunitazama mara moja. Alimaliza kuhesabu trei, kisha akaniambia mbele ya mgeni, "Rahaf, wivu huo utakuunguza kabla ya mafuta." Wakacheka tena, na Nunu akacheka nao.

Nimejiuliza sana kama nilisema vile kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nilitaka awe salama. Nilitaka pia jina lake litoke ukutani. Yote mawili yalikuwa kinywani mwangu kwa wakati mmoja, nami sikuweza kuyatenganisha. Lakini jambo la kweli likisemwa na mwenye wivu, linageuka uongo? Wewe ni dada mkubwa na Mama hakupingi. Tafadhali mwambie.

Mwanao mtiifu,
Rahaf


Kikwajuni, Unguja
20 Oktoba 2024

Rahaf mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imenyooka, na mafuta yamefika yakiwa yamemwagika nusu. Mwambie jirani yenu chupa husimamishwa. Goti liko vilevile. Mvua za vuli zimeanza na paa la nyuma limekumbuka uadui wake wa zamani. Mjomba wako amepata nyuki darini na anaogopa kuwafukuza.

Mwandiko wako mzuri. Umeandika "lakini" mara nyingi mno. Anayejua anachotaka haigeuzi kila sentensi yake katikati. Neno "wivu" umelitumia vizuri, kwa kuwa unalijua.

Sasa hilo jambo lako. Mimi nilifundisha skuli miaka mingi na nimeona watoto wakiniletea makosa ya wenzao wakiyaita msaada. Sisemi kwamba ndivyo ulivyofanya. Nakwambia tu kwamba nimewaona.

Nunu hakuja Dubai kuwa mtumishi wa mtu, hata kama mtu huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mtoto wa dada ni mtoto wako. Mtoto haandikiwi mshahara nyumbani kwao. Mamako analijua hilo, na alilikubali kabla Nunu hajapanda ndege. Ukoo wetu hauna desturi ya kuajiriana. Bima ya mtoto ni mama yake.

Wazee wa Yaqoub, yule anayemposa Nunu, walikuja Ijumaa iliyopita. Walileta halua, wakauliza habari za Nunu, nikawapa. Watu waungwana sana, mama yake hasa, ana macho ya kuona mbali. Nakuomba jambo moja dogo: ukipiga picha jikoni, usimpige Nunu akiwa amevaa aproni. Mpige akiwa amesimama mlangoni, karibu na leseni.

Soma kwa bidii. Msalimie babako Thuwein, na umwambie mamako nimepata mbegu za mchicha alizozitaka.

Mama Mkubwa wako,
Joha


Karama, Dubai
29 Novemba 2024

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mitihani, na pia kwa sababu niliona haya. Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale uliposema nalijua neno wivu. Ni kweli. Picha naiweka humu. Nunu amesimama mlangoni karibu na leseni kama ulivyotaka. Aproni ameificha nyuma ya mgongo. Ukiangalia vizuri utauona utepe wake.

Hali ya hewa imekuwa nzuri, madirisha yanafunguliwa. Mama ameagiza mashine ya kusukumia unga, yenye rola mbili za chuma, kwa ajili ya oda za Ramadhani. Kasian anaiita shemeji, eti imekuja kuoa ndani ya nyumba bila kuposa.

Kuna jambo limetokea na ninalieleza kwa sababu niliahidi yote. Rispah aliungua mkono na mafuta. Mama alitoa taarifa siku ileile, Bi Virginia akaja, Rispah akatibiwa, akapumzika chumbani kwake Discovery Gardens huku mshahara unaingia. Alipomaliza mapumziko alirudi amenenepa kidogo. Kazi yake yote aliifanya Nunu.

Siku aliyorudi, Nunu alikuwa akisugua sufuria kubwa, Rispah akamwambia, "Mimi nimeandikwa mfanyakazi na saa yangu ikifika naenda kulala. Wewe umeandikwa tajiri, na bado unasugua sufuria zangu. Yalla, haya bosi, hiyo ya pembeni haijatakata." Nunu alicheka na wenzake. Lakini tulipokuwa chumbani, kila mmoja kitandani kwake, alisema, "Rahaf, unajua namwonea Rispah wivu?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea, sauti yake ya chini kama anayezungumza na ukuta. Alisema Rispah ana siku yake ya mapumziko iliyoandikwa. Ana mkataba, ana likizo, mwezi ukiisha simu yake inalia kwamba mshahara umeingia. "Mimi mwezi ukiisha napata 'mwanangu'. Nikihitaji kitu namwomba Mama Mdogo, na ananipa, hajawahi kuninyima. Ila namwomba."

Nikamuuliza kwa nini hasemi. Akasema nimuulize mama yake wa Unguja.

Kwa hiyo nakuuliza, Mama Mkubwa. Mimi hapa nimekuwa nikilitazama lile jina ukutani kila siku nikitamani liwe langu, na mwenye jina anatamani karatasi ya Rispah. Nilijihisi mjinga, halafu, nakiri, nilijihisi vizuri kidogo. Wivu haukuisha. Uligundua tu kwamba una mwenzake chumba kimoja.

Uliandika kwamba Mama alikubali kabla Nunu hajapanda ndege. Alikubali nini?

Mwanao,
Rahaf


Kikwajuni, Unguja
3 Januari 2025

Rahaf,

Marahaba. Hatujambo. Paa limezibwa. Nyuki wameondoka wenyewe na mjomba wako anajidai amewafukuza.

Nimeipokea picha. Imekatwa vibaya upande wa kushoto, lakini leseni inasomeka, na niliionesha pale ilipohitajika.

Mambo ya leseni waachie wakubwa. Kuna maswali ambayo mtoto akiyauliza anakuwa amewauliza mama zake wawili kwa pamoja, na mmoja wao hana raha.

Nakuletea karafuu za mamako na kitabu cha sarufi. Sura ya nne itakufaa.

Joha


Karama, Dubai
16 Februari 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nisamehe sikuulizi mengi leo. Ninajua Mama alikupigia simu akakwambia Nunu amejikata kidogo. Nilikuwa nimesimama pembeni yake akisema hivyo, na Nunu mwenyewe alituomba tusikuambie zaidi. Lakini mimi nilikuahidi yote, na ahadi yangu ni ya zamani kuliko ombi lake.

Hakujikata. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe nane, asubuhi, nami nilikuwapo nikifunga pakiti. Oda za Ramadhani zimeanza kumiminika, manda za duka moja peke yake zinajaza friza. Mashine inasukuma haraka, ila haifikii wembamba wa mkono wa Nunu, na wateja wa zamani wanauliza mbona sambusa zimekuwa nzito. Mama akasema, bila ubaya wowote, kwamba mashine haina mkono wa bibi. Basi Nunu akawa anairudisha manda mara ya pili, rola zikiwa zimebanwa zaidi. Ile ya mwisho ilijikunja mdomoni mwa mashine. Kile kizuizi cha mbele, cha kukinga vidole, alikuwa amekifungua ili aione vizuri. Akanyoosha mkono kuivuta.

Hakupiga kelele. Alisema "Kasian" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi, na Kasian akaruka akazima swichi ya ukutani. Ni mkono wa kulia. Ncha ya kidole kidogo haikuweza kuokolewa. Kidole cha pete kimeunganishwa lakini hakikunjiki. Daktari anasema atahitaji mazoezi ya mkono miezi mingi, na kwamba hawezi kuahidi.

Hospitalini, karani alimuuliza Mama kama majeruhi ni mfanyakazi wake. Mama alikuwa na damu kwenye mkono wa buibui. Akamjibu kwa ukali, "Mwanangu." Karani akaandika alivyoambiwa. Kadi ya bima ya afya ya Nunu ndiyo iliyotumika, na ilisaidia kushona. Kwa mazoezi kadi hiyo ina kikomo.

Bi Virginia alikuja baadaye kumwona mgonjwa, na machungwa. Mama akamtoa nje kwenye kibaraza cha lifti akamuuliza kama kuna njia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, na sikujificha. Bi Virginia alisema angetamani iwepo. Angekuwa Rispah au Kasian, bima ingebeba matibabu yote, mshahara wakati hawezi kazi, na fidia ya vidole. Au kama mshirika angekatiwa bima yake binafsi ya ajali, ingesaidia. "Lakini madam, karatasi zinasema huyu ni mwenye duka, na mwenye duka hawezi kudai fidia kwake mwenyewe. Mtoto wako alilisema mwezi wa tisa. Tulicheka, hata mimi."

Mama alirudi ndani. Alikaa kitandani kwa Nunu akamlisha uji kwa kijiko. Sasa nikueleze jambo baya kuliko yote. Nilisimama pale nikamtazama mama yangu anavyopuliza kijiko kabla ya kumpa, na nikaona wivu. Nilimwonea wivu hata bandeji. Nilikuwa nimesema kweli, kweli yangu ikawa imetimia, na bado nilitaka nilishwe mimi.

Mama atamtibu kwa mfuko wake, hilo usiwe na shaka. Anauza bangili zake. Lakini Nunu hawezi kuuliza ni kiasi gani, wala mpaka lini, kwa sababu mtoto haulizi. Anasema asante. Nimemsikia akisema asante kwa namna ambayo Rispah hajawahi kuhitaji kuisema.

Ninakuuliza mara ya pili. Mama alikubali nini?

Rahaf


Kikwajuni, Unguja
27 Februari 2025

Rahaf mwanangu,

Barua yako imekuja kwa mkono wa mtu aliyetaka kukaa anywe chai, nami niliifungua mbele yake, nikamwacha na kikombe.

Kidole cha pete hakikunjiki hata kidogo, au kinakunjika kidogo? Andika hilo kwanza utakapojibu.

Utapata jibu lako. Mamako alipotaka msaidizi alinipigia akasema dada, niletee Nunu, nitamwandikia mkataba kamili, mshahara, likizo, kila kitu. Alikwishaulizia ofisini. Nikamwambia mwanangu hawezi kuandikwa chini yako. Nikamwambia mweke jina lake pembeni ya lako au mwache hapa. Alijaribu kunieleza tofauti. Nilimkatiza. Nilikata simu, na siku ya pili akapiga yeye kuomba radhi, maana mimi ndiye mkubwa.

Unajua sisi tulilelewa na bibi yako, mkono unaosifiwa huko. Bibi alinisomesha mimi na mamako akamweka jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa na cheti. Leo mwenye cheti anaziba paa, na aliyewekwa jikoni ana jina lake ukutani Dubai. Sitaandika zaidi ya hapo. Wewe neno unalijua.

Wazee wa Yaqoub wanaamini Nunu ana biashara. Niliwaonesha picha uliyoileta. Mama yake aliishika muda mrefu, akasema, "Binti wa kujitegemea." Nilifurahi kupita kiasi. Arusi wanaitaka baada ya Hajj.

Mwambie mdogo wangu asiuze bangili ya bibi. Zile nyingine sina neno.

Ramadhani njema. Kidole.

Joha


Karama, Dubai
11 Aprili 2025

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo, na Eid Mubarak ingawa Eid imepita. Kidole cha pete kinakunjika kidogo, kiasi cha kushika kikombe chepesi. Kidole kidogo kimepona kifupi, na Nunu amekizoea kuliko sisi. Manda hawezi kusukuma. Amejaribu kwa mkono wa kushoto, akainyanyua dirishani, akasema, "Naona wasiwasi." Tulicheka tukaketi chini. Bangili ya bibi haijauzwa. Baba hajambo. Mama amekonda.

Barua yako sikumwonesha Mama. Nilimsomea. Niliona ni bora aisikie kwa sauti ya mtu. Nilipofika pale ulipoandika kwamba uliwekwa skuli na yeye akawekwa jikoni, aliniambia nisome tena. Kisha akainuka akaenda kuosha trei safi. Baadaye alisema kwamba maisha yake yote alikuwa akikuonea wivu wa mwandiko wako. Akasema nisikuandikie hilo. Nakuandikia.

Mama ameamua. Ofisini wamesema leseni inaweza kuwa ya mtu mmoja, na mshirika akitia saini kutoka, anaweza kuandikwa mfanyakazi, na kazi yake itakuwa kupokea oda na kusimamia hesabu, kazi isiyohitaji vidole vyote. Bi Virginia atamwingiza kwenye orodha siku hiyohiyo. Hiyo haitafidia ajali iliyopita. Hilo wote tunalijua, na Mama ataendelea kulipia mazoezi, safari hii kwa maandishi, Nunu akiwa na nakala yake. Lakini mkono wa kushoto bado mzima, Mama Mkubwa, na mkono huo nao unaishi jikoni.

Nilidhani siku hii ikifika nitafurahi. Ndicho nilichokitaka tangu Septemba: jina litoke ukutani. Jana Mama aliitoa fremu akaifuta vumbi, akaniuliza kama nitakapotimiza umri ningependa la kwangu liingie. Nilitazama ile nafasi. Nikamwambia aniandike mfanyakazi kwanza, kama Rispah, na saa ya kwenda kulala. Alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana alinishika shavu. Halafu akamwita Nunu, "Mwanangu, njoo unywe dawa," kwa sauti ileile. Kwa hiyo wivu wangu upo, haujaenda popote, na karatasi yoyote haitautoa. Nimeukubali kama mpangaji wa kudumu, mradi asitoe ushauri.

Yaqoub alimpigia Nunu simu siku ya Eid. Walizungumza vizuri. Alimuuliza mkono unaendeleaje, akamuuliza pia biashara yake inakwendaje, na Nunu akajibu inakwenda. Alipokata simu alilia, mara ya kwanza tangu rola. Alisema vidole vimepona kiasi chake, ila hajui ataolewa na nani ikiwa anayeposwa ni yule wa kwenye picha.

Karatasi za kutoka kwenye ushirika ziko tayari. Miadi ofisini ni Alhamisi ijayo, na jirani yetu anayekuletea barua hii anarudi huku Jumanne, kwa hiyo tafadhali mpe jibu mkononi. Nunu amejifunza kusaini kwa mkono wa kushoto. Amejaza daftari zima. Mama amemwambia atie saini. Mimi nimemwambia. Hata Rispah amemwambia, akamwita bosi kwa mara ya mwisho. Anasema hawezi kutia saini wakati Kikwajuni kuna Nunu mmoja na Karama kuna mwingine. Anasema hasubiri ruhusa yako, Mama Mkubwa, anasubiri jambo moja tu ulifanye kwa mdomo wako mwenyewe, na ameniomba mimi nikuulize kwa kuwa mimi ndiye mwenye ulimi wa wivu usiojua kunyamaza.

Umewaambia wazee wa Yaqoub kwamba Nunu ni mfanyakazi?

Mwanao,
Rahaf